KUNUNUA PIKIPIKI ILIYOTUMIKA: MAMBO YA KUKAGUA KABLA YA KULIPA

Chama cha msingi ambacho wanachama wake wametawanyika vijijini hakiwezi kuendeshwa kutoka ofisini. Katibu hana budi kufika ghalani wakati wa kupima mazao, kufuatilia pembejeo na kuwaona wanachama wasioweza kusafiri. Wakati wa masika, njia nyingi hazipitiki kwa gari. Hapo ndipo inapohitajika pikipiki ya njia mbovu, iliyoinuka kutoka ardhini na yenye tairi za meno. Kwa kuwa mpya ni ghali, baadhi ya vyama hutuma wajumbe Dar es Salaam kutafuta iliyotumika, nao huanzia Kariakoo, katika Mtaa wa Msimbazi na mitaa ya jirani. Fedha wanazobeba wajumbe hao ni jasho la wanachama wote. Kwa hiyo yafaa wajue la kutazama.

1. Hati

Ukaguzi uanze kwenye karatasi. Kadi ya usajili hutolewa na Mamlaka ya Mapato Tanzania. Namba ya chasisi iliyopigwa kwenye shingo ya fremu, karibu na usukani, pamoja na namba ya injini, zilinganishwe na zile za kwenye kadi, tarakimu kwa tarakimu. Namba iliyosagwa au kupigwa upya ni sababu ya kutosha ya kuacha biashara hiyo.

Liko jambo jingine lisiloonekana kwa macho. Baadhi ya pikipiki za aina hii ziliingizwa nchini na miradi ya maendeleo kwa msamaha wa kodi. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, chombo cha namna hiyo kinapohamishiwa kwa mtu asiye na msamaha, ushuru hudaiwa. Muuzaji atakiwe kuonyesha kwamba ushuru umekwisha kulipwa. Chama kisichouliza huweza kubaki na pikipiki ambayo hakiwezi kuiandikisha kwa jina lake.

2. Fremu na magurudumu

Simama nyuma ya pikipiki utazame kama magurudumu mawili yamo katika mstari mmoja. Yakipishana, huenda imewahi kuanguka vibaya. Tafuta alama za kuchomelea kwenye shingo ya fremu na chini ya kiti, mahali panapoelemewa na mizigo. Inua gurudumu la mbele, kisha zungusha usukani taratibu. Ukikwama katikati, beringi zimekwisha. Oili inayochuruzika kwenye shokapu za mbele huonyesha kuwa sili zimechanika. Gonga spoki mojamoja, na uvute cheni kwa nyuma ya spoketi: ikiachana sana na meno, au meno yakiwa yamepinda kama ndoana, seti nzima itabidi kubadilishwa.

3. Injini

Muuzaji aambiwe mapema asiiwashe. Injini iliyokwisha kupata moto huficha ugumu wa kuwaka. Tazama oili kwanza: ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia, ikiwa na chembe za chuma, kuna sehemu inayosagika ndani.

Ikiisha kuwaka, tazama moshi. Yamaha AG100 ina injini ya mipigo miwili, inayochoma oili pamoja na petroli. Moshi kidogo wa buluu ni wa kawaida. Kwa injini ya mipigo minne, moshi huo ni dalili ya ringi au sili za valvu zilizochakaa. Moshi mweusi huonyesha kuwa petroli inazidi, pengine kwa sababu chujio la hewa limeziba. Chujio hilo lifunguliwe: likiwa limechanika, injini imekuwa ikivuta vumbi, na vumbi husaga silinda. Mwisho, iendeshwe katika gia zote, na breki zijaribiwe.

4. Vipuri

Kabla ya kukubaliana bei, wajumbe wapite katika maduka ya vipuri ya Kariakoo na Gerezani, waulize bei ya pistoni, sahani za klachi, cheni na spoketi za aina hiyo hasa. Pikipiki isiyo na vipuri hugeuka pambo la ofisi.

5. Wajibu wa Bodi

Uamuzi wa kununua uandikwe katika kumbukumbu za Bodi. Wajumbe wasipungue wawili, nao wafuatane na fundi waliyemchagua wenyewe, si aliyeletwa na muuzaji. Mkataba uwe wa maandishi, malipo yapitie benki kwa jina lililo kwenye kadi, na umiliki uhamishiwe chama mara moja. Bima ikatwe kabla pikipiki haijaingia barabarani, na mwendeshaji awe na leseni na kofia ngumu.

Muuzaji atahimiza haraka, akisema kuna mteja mwingine anayesubiri. Wajumbe wasitishike. Ni heri warudi kijijini na fedha zote za wanachama kuliko kurudi na chombo ambacho mkutano mkuu utawauliza habari zake.