Meli ikiruka bandari, hasara ni ya nani?

Na Mwandishi Wetu, Mbeya

WAFANYABIASHARA wa Mbeya na Iringa wanaosafirisha bidhaa kwa meli, treni na mabasi wamezoea kuhesabu nauli, ushuru na malipo ya makuli. Hesabu moja huachwa nje mara nyingi: nani atabeba hasara endapo chombo kitabadili njia na kushindwa kufika mahali palipoandikwa kwenye tiketi.

Kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba ya Tanzania, jibu halitegemei ukubwa wa hasara. Linategemea zaidi mambo mawili: kwa nini chombo hakikufika, na msafirishaji alijua nini siku alipopokea fedha.

Wengi hulitambua hilo wakati mzigo umekwishapotea njia, na karatasi pekee waliyonayo mkononi ni tiketi isiyoeleza chochote zaidi ya jina la bandari na kiasi kilicholipwa.

NYASA NA UPEPO WA MWERA

Mfano wa karibu kwa nyanda za juu kusini ni Ziwa Nyasa. Kwa miaka mingi meli ya MV Songea ilikuwa ikiondoka Itungi, wilayani Kyela, kwenda Mbamba Bay kupitia Lupingu, Manda, Lundu na Liuli, kisha kuvuka hadi Nkhata Bay nchini Malawi. MV Iringa ilihudumia vijiji vilivyo kati ya Itungi na Manda.

Lupingu na Manda zilikuwa ndani ya Mkoa wa Iringa hadi 2012, ulipoanzishwa Mkoa wa Njombe. Mwaka 2021 ziwa hilo lilipata meli mpya, MV Mbeya II, iliyojengwa hapo hapo Itungi ikiwa na uwezo wa kuchukua abiria 200 na mizigo tani 200.

Upande huo wa ziwa milima ya Livingstone inashuka karibu na maji, na vijiji vingi vya mwambao vimetegemea chombo cha majini kuliko gari. Meli ikiruka kituo kimoja, hakuna basi la jioni la kuokoa biashara.

Miezi ya kipupwe ndiyo yenye taabu zaidi. Upepo unaoitwa mwera huvuma kutoka kusini mashariki na kuinua mawimbi makubwa. Mahali pasipo na gati abiria na mizigo hushushwa kwa mitumbwi. Nahodha akiona mitumbwi haiwezi kukaribia, hana budi kuipita bandari hiyo.

Tuseme mfanyabiashara amepakia magunia 40 ya mchele wa Kyela kwenda Lupingu. Meli inapita bila kusimama na mchele unashushwa Mbamba Bay. Mwenye mali analipia ghala, malazi, chakula na safari ya kurudi. Akifika Lupingu siku kadhaa baadaye, wateja wake wamekwishanunua kwa mwingine na bei imeshuka.

Nauli ya mzigo ni sehemu ndogo tu ya hasara hiyo. Kurudishiwa nauli, hata yote, hakumrudishi mfanyabiashara mahali alipokuwa.

SHERIA INASEMAJE

Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinasema anayevunja mkataba hulipa hasara inayotokea kwa kawaida kutokana na kosa lake, pamoja na ile ambayo pande zote mbili zilijua tangu siku ya makubaliano kwamba ingeweza kutokea. Hasara ya mbali, isiyofungamana moja kwa moja na kosa, haifidiwi.

Kanuni hiyo inatokana na kesi ya Uingereza ya mwaka 1854, kati ya Hadley na Baxendale, ambayo kila mwenye mashine ya kusaga angefaa kuifahamu.

Kinu cha nafaka katika mji wa Gloucester kilisimama baada ya mhimili wa injini yake ya mvuke kuvunjika. Wenye kinu waliukabidhi mhimili huo kwa wasafirishaji waupeleke kwa mafundi wa Greenwich, uwe kielelezo cha kutengenezea mpya. Wasafirishaji wakachelewa siku kadhaa, nao wenye kinu wakadai faida waliyoikosa kwa siku hizo.

Mahakama iliwakatalia. Ilichukulia kwamba wasafirishaji hawakuwa wameelezwa kuwa kinu kizima kimesimama kwa kungoja chuma hicho. Kwa kawaida mwenye kinu angeweza kuwa na mhimili wa akiba. Laiti hali hiyo ingeelezwa wazi wakati wa kukabidhi mzigo, madai yangekuwa na nguvu.

Kwa mfanyabiashara wa leo maana yake ni moja. Anayempa wakala wa basi kipuri cha mashine kutoka Mbeya kwenda Mafinga, akinyamaza, anadai kama mtu aliyetuma kipande cha chuma. Anayeandika kwenye stakabadhi kwamba mashine imesimama na kila siku ya kuchelewa ni hasara, anadai kama mwenye mashine.

Kifungu hicho hicho kinamtaka mdai naye apunguze hasara kadiri alivyoweza. Aliyeuachia mchele uoze ghalani wakati angeweza kuuuza Mbamba Bay kwa bei ya huko, hawezi kudai thamani yote.

UPEPO SI KISINGIZIO CHA KILA KITU

Wasafirishaji wana utetezi mkubwa: hali ya hewa. Kifungu cha 56 cha sheria hiyo kinatambua kwamba mkataba ambao utekelezaji wake umekuwa hauwezekani, kwa jambo ambalo mtoa ahadi hakuweza kulizuia, unakoma. Hata hapo, kifungu cha 65 kinamtaka aliyekwisha kupokea manufaa ayarudishe au afidie. Ndiyo maana mwenye mzigo anaweza kudai nauli ya huduma ambayo hakuipata hata kama hakuna aliyekosea.

Lakini kifungu cha 56 kina upande wa pili usiotajwa sana. Aliyeahidi jambo ambalo alijua, au kwa uangalifu wa kawaida angejua, kwamba haliwezekani, wakati mwenzake hajui, anawajibika kulipa fidia.

Mahakama za Australia zilipambana na suala linalofanana na hilo. Mwaka 2013 mafuriko yalikumba mito ya Ulaya ikiwamo Rhine na Danube. Kampuni ya Scenic Tours ilikuwa imeuza safari za kifahari za meli mitoni. Abiria wengi walijikuta wakisafirishwa kwa mabasi na kuhamishwa kutoka meli moja hadi nyingine, huku ratiba yao ikivurugika.

Walishitaki kwa pamoja. Hoja yao haikuwa kwamba kampuni ilileta mvua. Walisema kampuni ilijua, au ingepaswa kujua, hali ya mito mapema, na haikuwaonya wala kuwapa nafasi ya kughairi. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Australia, iliyo ya juu kabisa nchini humo, iliamua kwamba abiria wa namna hiyo anaweza kulipwa hata kwa kukosa raha aliyoilipia.

Tofauti hiyo inaingia Itungi pia. Mwera ukianza meli ikiwa katikati ya ziwa, nahodha hana lawama. Wakala akijua asubuhi kwamba meli haitasimama Lupingu, na bado akapokea fedha za mzigo wa Lupingu, hapo suala si upepo tena.

Hakuna anayetaka fidia imsukume nahodha kutia nanga penye hatari. Nchi haijasahau MV Bukoba iliyozama karibu na Mwanza Mei 21, 1996 na kuua mamia ya watu. Uamuzi wa kuruka bandari kwa usalama ubaki kwa nahodha. Swali la fedha linafuata baadaye, na ni la ofisini.

MELI ZA KITALII

Wanaodhani matajiri wa meli za kitalii wanalindwa zaidi watashangaa. Novemba 2005 meli ya Seabourn Spirit, ikiwa njiani kwenda Mombasa, ilishambuliwa na maharamia nje ya pwani ya Somalia. Iliwakimbia, ikaiacha Mombasa na kuelekea Visiwa vya Shelisheli.

Tiketi za meli za aina hiyo huwa na masharti yanayompa nahodha uhuru wa kuruka bandari yoyote. Kwa kawaida abiria hurudishiwa ada ya bandari ambayo meli haikuilipa, ambayo ni kiasi kidogo, na pengine hupewa fedha za kutumia melini kama heshima tu.

Katika Umoja wa Ulaya kanuni namba 1177 ya mwaka 2010 inampa abiria wa kivuko fidia ya asilimia 25 ya nauli, na asilimia 50 ikiwa ucheleweshaji ni mkubwa zaidi, isipokuwa sababu iwe hali mbaya ya hewa. Hata hivyo vifungu hivyo vya fidia havimhusu abiria wa meli ya kitalii. Huyo hutegemea sheria ya safari za vifurushi, ambayo huuliza kama mabadiliko yalikuwa makubwa kiasi cha kuibadili safari yenyewe.

Safari ikifutwa yote, mambo huwa mepesi zaidi. Januari 2024 kampuni ya MSC Cruises ilitangaza kufuta safari tatu za Aprili mwaka huo zilizokuwa zipite Bahari ya Shamu, kutokana na mashambulizi dhidi ya meli. Katika hali hiyo abiria anajua moja: arudishiwe fedha au apewe safari nyingine. Ugumu uko kwa yule ambaye meli imekwenda, lakini si alikotaka.

WALIO NCHI KAVU

Kundi linaloumia bila kutajwa ni wale wanaowangoja wasafiri. Mwenye nyumba ya wageni mjini Iringa anayepokea watalii wa Hifadhi ya Ruaha hununua nyama, mboga na mafuta ya jenereta siku chache kabla. Mwenye magari ya kukodi Mbeya huyaweka kando magari yake akingoja kundi linalokuja kwa reli ya TAZARA, ambayo treni ya kifahari ya Rovos Rail ya Afrika Kusini ilianza kuipita mwaka 1993 katika safari zake za hadi Dar es Salaam.

Ratiba ikibadilika, watu hawa hawana mkataba na meli wala treni. Mkataba wao ni na wakala aliyewapa oda. Kama oda ilikuwa ya simu tu bila malipo ya awali wala sharti la kughairi, ni vigumu kuthibitisha walichoahidiwa.

Dawa ni arubuni na sharti la kughairi: kwa mfano, kundi likighairi chini ya siku saba wakala alipe sehemu fulani ya gharama. Kifungu cha 74 kinaruhusu pande mbili kutaja mapema kiasi cha fidia. Mahakama itatoa kiasi inachokiona cha haki, bila kuzidi kile kilichotajwa. Kwa hiyo anayetaja kiasi kidogo mno amejifunga mwenyewe.

YA KUFANYA KABLA YA KULIPA

Kwanza, stakabadhi ya mzigo iandikwe aina ya bidhaa, idadi, thamani, bandari ya kushushia na siku inayotarajiwa. Kama ni samaki wabichi, nyanya au vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, iandikwe wazi kwamba mali inaharibika.

Pili, hasara ya pekee itajwe siku hiyo hiyo. Mwenye oda ya shule au mgodi amwoneshe wakala barua ya oda na kumtaka asaini kwamba ameiona.

Tatu, bima isitegemewe bila kusomwa. Bima ya mizigo kwa kawaida haifidii hasara iliyotokana na kuchelewa, hata kama kilichochelewesha ni janga lililokatiwa bima. Inafidia mali iliyopotea au kuharibika. Soko lililopotea halimo.

Nne, baada ya tukio, risiti zote za ghala, malazi na usafiri wa pili zitunzwe, na barua ya madai ipelekwe kwa msafirishaji mapema. Asiporidhika, mlalamikaji anaweza kwenda TASAC kwa vyombo vya majini au LATRA kwa usafiri wa nchi kavu. Taasisi hizo mbili ndizo zilizochukua kazi za iliyokuwa SUMATRA.

Tano, mwenye mtaji mdogo asipakie mali yake yote katika safari moja msimu wa mwera. Magunia 40 yakigawanywa katika safari mbili, bandari ikirukwa hasara ni nusu, na fedha za kungojea meli nyingine zinapatikana.

Yote hayo yanaweza kufupishwa katika swali moja la kumuuliza wakala dirishani: meli ikishindwa kusimama hapa, mzigo utashushwa wapi, na utarudishwa kwa gharama ya nani? Jibu lake liandikwe nyuma ya stakabadhi na kugongwa muhuri kabla fedha hazijahesabiwa.