Divai tamu ya zamani: unalipia nini?

Muuzaji akikuonyesha chupa ya Sauternes yenye mwaka 1989 au 1990 ubavuni, bei huwa imeshapanda kabla hujafungua mdomo. Wewe wa Likasi au Mwadingusha unayetafuta chupa ya harusi ama ya jubilei, muulize kwanza: miaka yote hiyo chupa hii ililala wapi?

Bei yenyewe ina sababu. Kusini mwa Bordeaux, mto Ciron wenye maji baridi unaingia Garonne, na ukungu wa asubuhi huotesha juu ya zabibu kuvu iitwayo Botrytis. Kuvu hiyo hutoboa ganda, maji yakatoka, sukari ikabaki. Wachumaji hupita shambani mara kadhaa wakichagua zilizosinyaa tu. Château d'Yquem, shamba lililowekwa peke yake juu ya mengine yote ya Sauternes katika orodha ya 1855, hupata karibu glasi moja kwa kila mzabibu. Mwaka 1992 na 2012 halikutoa divai hiyo kabisa. Ndiyo maana chupa yake mpya inapita euro 300 hukohuko Ulaya, na chupa moja ya 1811 iliuzwa London mwaka 2011 kwa pauni 75,000.

Ng'ambo ya pili ya Garonne, Loupiac na Sainte-Croix-du-Mont wanatumia zabibu zilezile, Sémillon na Sauvignon, kwa bei nafuu zaidi. Kama utainywa ndani ya miaka kumi, sioni sababu ya kulipia jina la Sauternes. Baada ya hapo Sauternes nzuri huzishinda, na mtu akinywa anaona.

Umri unajionyesha tangu kwenye glasi. Sauternes changa ina rangi ya majani makavu. Mdomoni ni embe, nanasi na asali, pamoja na uchachu unaozuia utamu usichoshe. Ikifika miaka ishirini na zaidi inakuwa kama shaba iliyosuguliwa, na ladha inahamia kwenye ganda la chungwa, zafarani na karanga za kukaanga. Sukari haijapungua hata kidogo, ila ulimi unaisikia kidogo.

Lakini hayo yote ni kwa chupa iliyolazwa gizani, penye ubaridi wa nyuzi kama 12 usiobadilika. Kwetu joto la mwezi wa kumi, ndani ya duka lenye bati, linaua kazi ya miaka thelathini. Maporomoko ya Mwadingusha yanatoa umeme tangu 1930, na bado nyumba nyingi za Haut-Katanga zinakatiwa. Friji inayozimika na kuwaka haiwezi kulea chupa kwa miaka. Itazame kwenye mwanga: divai ikiwa imeshuka chini ya shingo, kizibo kimejisukuma juu, au kuna utomvu wa sukari chini ya kifuniko, iache. Chupa ya miaka minane yenye rangi ya kahawia, iache pia.

Anayetaka mwaka wa zamani kweli, labda mwaka aliozaliwa bwana harusi, mimi ningempeleka Rivesaltes au Banyuls, kusini kabisa mwa Ufaransa. Huko wanatia pombe kali divai ikiwa bado inachacha, na nyingine huiweka nje juani kwenye madumu ya kioo. Hii imeshapigwa na joto na hewa tangu utotoni, kwa hiyo inavumilia safari na hali ya hewa yetu kuliko Sauternes. Ladha yake ni tini kavu, kahawa na kakao. Rivesaltes ya miaka thelathini kwa kawaida inagharimu chini sana ya Sauternes maarufu ya umri huohuo, na ikishafunguliwa inakaa wiki kadhaa, wakati Sauternes inataka imalizwe ndani ya siku chache.

Kuna na njia ya karibu. Malori ya Afrika Kusini yanayopita Kasumbalesa huleta bidhaa za huko, na divai zao za Noble Late Harvest zinatokana na kuvu ileile. Kwa meza ya kawaida ya sikukuu zinatosha vizuri.

Chochote utakachochagua, omba nusu chupa ya mililita 375, maana watu sita hawahitaji zaidi ya hapo. Ipoze hadi nyuzi 10 hivi, uiandae na kitu cha chumvi: Wafaransa wanakula jibini la Roquefort, sisi tuna makayabu.