Kabla ya kuvuka mpaka kwa pikipiki, ulizaneni nani atakaa nyuma

Je, wewe na marafiki zako mmewahi kuketi jioni mkapanga kwenda Kigali kwa pikipiki? Mazungumzo ya aina hiyo ni matamu. Mmoja anasema atabeba hema, mwingine anaapa kuwa pikipiki yake haijawahi kumkwamisha, wa tatu tayari anahesabu siku za likizo. Kabla ya chai kupoa, mmekwisha kuvuka mipaka miwili mkiwa mngali vitini.

Safari yenyewe inawezekana. Kutoka Nairobi hadi Kigali kupitia Eldoret, Malaba, Kampala na Kabale ni zaidi ya kilomita 1,100, na njia ni ya lami. Hata pikipiki ya kawaida ya cc 150 huweza kufika, mradi mnyororo, breki na magurudumu yawe mazima. Linalovunja safari nyingi ni jambo ambalo marafiki huona haya kulizungumza mapema: ni nani atakayeamua mwendo?

MWENDO NI WA ALIYE DHAIFU

Mkiwa wanne, hamtakosa mzoefu na aliyepata leseni juzi. Mwenye kasi akiachwa aongoze apendavyo, mgeni wa barabara atamfukuzia kwa kuogopa kuachwa. Atalipita lori kwenye kona, ilhali angekuwa peke yake angengoja. Hapo ndipo ajali huzaliwa.

Wazoefu hupanga msafara hivi: mtulivu huongoza, asiye na uzoefu humfuata, na aliye hodari kuliko wote hukaa nyuma kabisa akiwa na vifaa vya kuziba pancha. Kila mmoja humtazama kwa kioo aliye nyuma yake. Asipomwona, hupunguza mwendo. Wa mbele naye hufanya vivyo hivyo, mpaka kundi lote lisimame. Kwenye njia panda, hakuna aondokaye kabla ya kumwona mwenzake. Kanuni hii haigharimu hata senti.

Afikianeni pia juu ya saa ya kulala. Kufikia saa kumi na moja jioni, pikipiki ziwe zimezimwa. Usiku barabarani kuna ng'ombe, mashimo na malori yasiyo na taa. Dereva wa gari akikosea, bati humkinga. Wewe kinga yako ni helmeti, jaketi na glavu tu.

SIKU TANO ZA KWENDA

Siku ya kwanza laleni Eldoret, yapata kilomita 310 kutoka Nairobi. Vaeni nguo nzito, kwani Timboroa iko zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na ukungu wake hugandisha vidole mpaka breki hazishikiki. Kabla ya hapo mtapita Salgaa na Migaa. Ni huko Migaa ambako watu 36 waliangamia katika ajali ya basi na lori Desemba 31, 2017. Mnapokwenda, malori yaliyo upande wenu hukwea taratibu. Mnaporudi huteremka nyuma yenu, na hapo ndipo pa kuogopa zaidi.

Siku ya pili mvuke Malaba mpaka Jinja, lilipo daraja jipya la Nile lililofunguliwa mwaka 2018. Siku ya tatu piteni Kampala mapema, kabla bodaboda hazijafurika. Neno hilo la bodaboda, ndugu msomaji, lilizaliwa mpakani Busia, ambako waendesha baiskeli walibeba abiria kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi nyingine. Mbele ya Kampala, pale Kayabwe, mtavuka Ikweta. Laleni Masaka.

Siku ya nne ni ya Mbarara na milima ya Kabale. Ni milima ya kupendeza macho, lakini macho yako yaache barabarani, kwani kona hazihesabiki. Ukitaka kutazama, simama. Siku ya tano ni fupi: Katuna, kisha yapata kilomita 80 hadi Kigali.

KARATASI NA UPANDE WA KULIA

Mkenya huweza kuingia Uganda na Rwanda kwa kitambulisho tangu 2014. Pikipiki nayo ina karatasi zake: logibuku, leseni, kibali cha forodha na bima ya COMESA iitwayo Kadi ya Manjano. Usiichanganye na cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho nacho kibebwe. Ikiwa pikipiki ni ya kuazima au ya mkopo, beba barua ya mwenye mali. Ulizeni masharti kabla ya kuondoka, na pia kama mpaka uko wazi. Mpaka wa Gatuna ulifungwa Februari 2019, ukafunguliwa tena Januari 2022.

Mkiingia Rwanda, mnahamia upande wa kulia wa barabara. Siku hiyo ya kwanza kila mtu huwa macho. Hatari huja asubuhi ya pili, unapotoka kwenye kituo cha mafuta ukiwaza mambo mengine, na mazoea yakakurudisha kushoto. Saa za huko nazo ziko nyuma ya zetu kwa saa moja. Na ikiwa ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi, asubuhi ni ya Umuganda, kazi ya jamii, na usafiri husimama mpaka karibu saa tano.

Kwa wewe mzazi ambaye mwanao amekuja kuomba ruhusa: usianze kwa kuuliza pikipiki ina nguvu gani. Muulize atalala wapi kila usiku, nani atakaa nyuma ya msafara, na fedha za dharura ziko kwa nani. Asipokuwa na majibu, mrudishe kwa wenzake wakapange upya. Akiwa nayo, mpe baraka, na akupigie simu kila jioni.

Nanyi vijana, kabla ya kuwasha injini, ulizaneni jambo moja zaidi: mmoja wetu akiugua Mbarara, au pikipiki yake ikifa kabisa, tutafanya nini? Mkijibu kwamba "atajipanga", ahirisheni safari. Mkikubaliana kwamba mmoja atabaki naye, hata kama ina maana ya kuikosa Kigali, basi mko tayari.

Safari njema!