Pesa za matunzo ya mtoto: tuma kwa njia itakayobakisha rekodi

Kuna wazazi wanaokataa kabisa kuchangia malezi ya mtoto wao. Hao wana njia yao ya kisheria, na tutaifikia. Lakini kuna kesi nyingine inayochosha zaidi: pesa zilitoka, kweli zilitoka, na bado wazazi wawili wamekaa mbele ya afisa wa watoto kila mmoja akiapa. Huyu anasema ametuma kila mwezi. Yule anasema hajaona kitu tangu Januari. Ukiuliza vizuri unagundua mwezi mmoja pesa zilipitia kwa shemeji, mwezi mwingine zilitumwa kwa laini ya nyanya kwa sababu wazazi walikuwa hawaongei, na mwezi wa tatu baba alilipa deni la dukani akahesabu hiyo kama matunzo. Anayeumia ni mtoto, ambaye karo yake inangoja wakubwa wamalize kubishana.

Tuanze na sheria, kwa ufupi. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya kutunzwa na wazazi wake, na inasema jukumu hilo ni la mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au hawajaoana. Hilo ni badiliko kubwa. Chini ya Sheria ya Watoto ya 2001, wazazi wasipokuwa wameoana mzigo ulianzia kwa mama. Sasa tuna Sheria ya Watoto ya 2022 inayofuata Katiba. Kwa hiyo "hatukuoana" si jibu tena, na "nilioa kwingine" pia si jibu.

Watu hutuuliza sana: sheria inasema nitoe ngapi? Haisemi. Hakuna kiwango kimoja cha kila mtu. Korti huangalia mapato na uwezo wa kila mzazi, mali aliyo nayo, na mahitaji ya mtoto mwenyewe: chakula, nyumba, karo, matibabu. Mtoto mwenye ulemavu au anayeendelea na masomo anaweza kuendelea kutunzwa hata akipita miaka 18, korti ikiamuru hivyo. Kwa sababu hakuna bei iliyoandikwa ukutani, rekodi ya kile kinachotolewa na kile mtoto anachotumia inakuwa na uzito mkubwa. Hapo ndipo simu yako inaingia.

Jambo la kwanza ni laini. Kabla hujabonyeza kukubali, simu inakuonyesha jina la mpokeaji. Jina hilo ndilo litakaloandikwa kwenye taarifa ya akaunti yako. Kama mama watoto anatumia laini iliyosajiliwa kwa jina la kaka yake, basi miaka miwili ya kutuma itaonekana kama ulikuwa unamtumia shemeji. Utamweleza afisa, labda atakuamini, lakini kwa nini ufike huko? Kubalianeni namba moja, iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mzazi anayeishi na mtoto, na pesa zote zipitie hapo. Mpokeaji naye asibadilishe laini kimyakimya. Ukipata namba mpya, mwandikie mwenzako ujumbe mfupi unaosema hivyo.

Jambo la pili halizungumzwi sana, na linaumiza. Kama laini inayopokea ina deni la ule mkopo unaokujazia salio unapotaka kulipa na pesa hazitoshi, pesa ikiingia tu deni linakatwa kwanza. Baba ametuma 6,000 za karo, mama anaona 4,200, anapiga simu akiwa na hasira, na baba anajibu kwa hasira maradufu. Wote wawili wanasema ukweli. Mpokeaji anayejua ana deni la namna hiyo alilipe kabla ya tarehe ya matunzo, au aombe pesa za shule zilipwe moja kwa moja kwa shule.

Hata bila deni, hiyo njia ya shule tunaipenda zaidi. Ukilipa karo kwa Paybill ya shule na kuweka namba ya usajili ya mwanafunzi kwenye nafasi ya akaunti, malipo yanakuwa yametajwa kwa mtoto mwenyewe. Hakuna atakayesema zilikuwa za kitu kingine. Hospitali nyingi pia zina Paybill. Kwa chakula na kodi ya nyumba, mtumie mwenzako kawaida, lakini mkubaliane mapema kuhusu ya kutolea. Kama makubaliano ni 6,000 mkononi, anayetuma aongeze gharama ya kutoa kwa ajenti. Kama ni 6,000 kwenye simu, basi ijulikane hivyo, na mpokeaji anaweza kulipia unga na mboga kwa till ya dukani bila kupita kwa ajenti. Inaonekana ni jambo dogo, lakini limewahi kuvunja maelewano mazuri.

Chagueni tarehe pia. Anayelipwa mshahara tarehe 28 asiahidi tarehe 25. Mtu wa boda au wa kibarua anaweza kutuma kila wiki kidogo kidogo. Makubaliano hayalazimiki kuwa ya mwezi. Kama menyu yako ina malipo ya kujirudia, yapange mara moja yajitume yenyewe, mradi uhakikishe salio lipo siku hiyo.

Ujumbe wa uthibitisho una nambari ya muamala, kiasi, jina, tarehe na saa. Usiufute. Ila simu hupotea, na mtoto huyo huyo anayetunzwa anaweza kuiangusha ndani ya karai la maji. Usiwe na wasiwasi: miamala imehifadhiwa kwetu, na unaweza kuomba taarifa ya akaunti ya miezi iliyopita kupitia menyu au programu yetu ya simu. Inakuja kwa barua pepe, imefungwa kwa namba ya siri utakayopewa. Tabia nzuri ni kuichukua kila baada ya miezi 6 na kuihifadhi pembeni. Tukumbushane kwamba taarifa ni ya mwenye laini. Hatuwezi kumpa mzazi mmoja miamala ya mwenzake kwa sababu tu ametuomba, hata akija na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Hapo mpaka agizo la korti. Na kama kesi imefika kortini, muulize wakili au karani kuhusu cheti kinachohitajika kuambatana na rekodi za kielektroniki, maana picha ya skrini pekee inaweza kupingwa.

Sasa, mzazi asiyetaka kutoa kabisa. Usianze kwa kumtukana kwenye Facebook. Nenda ofisi ya watoto iliyo karibu nawe. Ziko chini ya Idara ya Huduma za Watoto, na chifu anaweza kukuelekeza ilipo. Beba kitambulisho, cheti cha kuzaliwa cha mtoto kama unacho, risiti za shule na hospitali, na namba ya simu ya mzazi mwenzako. Afisa atamwita, mtaketi, na mkielewana mtaandika makubaliano na kuweka sahihi. Sisitiza yataje kiasi, tarehe, namba ya simu ya kupokelea, na nani analipa nini shuleni. Makubaliano hayo yanaweza kupelekwa Korti ya Watoto yakawa agizo. Akikataa kuja au akija na kuvunja ahadi, kesi inakwenda kortini. Usipokuwa na pesa za wakili, FIDA Kenya na Kituo cha Sheria hutoa msaada wa kisheria bure kwa wasiojiweza.

Neno moja kwa anayeishi na mtoto: usimzuie mtoto kumwona mzazi wake kwa sababu mwezi huu hajatuma. Na kwa anayetuma: usisimamishe pesa kwa sababu umenyimwa kumwona mtoto. Hayo ni mambo mawili, na kila moja lina njia yake kwa afisa na kortini. Njaa ya mtoto haingoji mmalize kuzozana.

Watoto wengine hawana mzazi wa kudai. Wanalelewa na nyanya au shangazi. Mpango wa Inua Jamii una sehemu ya mayatima na watoto walio katika hali ngumu, inayolipa familia iliyosajiliwa 2,000 kwa mwezi kupitia kwa mlezi. Pesa hizo ni za mtoto, na mlezi ndiye anayestahili kuzitoa. Mara nyingi nyanya hampi mtu pesa, anampa PIN: kijana wa jirani anamsaidia kusoma ujumbe, kisha anaanza kusaidia na kutoa. Mfundishe kubonyeza mwenyewe, hata ikichukua jioni tatu. Akiwa haoni vizuri, aende kwa ajenti na mtu mmoja wa familia anayemwamini, na PIN aiweke yeye mwenyewe.

Mwisho, kuhusu wakora. Afisa wa watoto hatakupigia simu akuombe "pesa ya kufungua faili" kwa namba yake, na kumwona ofisini hakulipiwi. Ukipigiwa hivyo, kata simu, kisha uturipotie namba hiyo. Kama mtoto unayemjua anapigwa, ananyimwa chakula au ameachwa peke yake, piga 116. Ni bure, usiku na mchana, na hata mtoto mwenyewe anaweza kupiga.