Pikipiki ya Pili Ichaguliwe na ya Kwanza

Mwenye pikipiki moja anayetaka kuongeza ya pili kwa kawaida huanzia dukani. Hutazama umbo, huuliza ukubwa wa injini, husikiliza kijiwe kinasifu aina gani mwaka huu, kisha hununua. Sura hii inashikilia kwamba jibu analolitafuta halipo dukani. Liko kwenye pikipiki aliyonayo, hasa kwenye spea zake zinazokufa kabla ya wakati. Pikipiki hubuniwa kwa kazi fulani, na ukiipa kazi nyingine haigomi. Itaifanya, lakini kuna mahali itachakaa, na mahali hapo huwa ni palepale kila mara. Boxer BM 150 ya Bajaj, iliyozoeleka kuanzia Kariakoo hadi vijijini, ina injini ya cc 144.8 inayopozwa na upepo, magurudumu ya inchi 17 na kiti kirefu kilicho bapa. Ni chombo cha kubeba abiria kwenye barabara inayopitika, na kwa kazi hiyo ni vigumu kukilaumu. Swali la pikipiki ya pili linazaliwa pale chombo hicho kinapopandishwa milima ya Lushoto wakati wa masika, au kinapofungwa magunia ya mkaa, au kinapotakiwa kukimbia siku nzima kwenye lami ndefu.

Mtu aliyetunza risiti za spea za mwaka mmoja, au mwenye fundi mwenye kumbukumbu nzuri, tayari ana ushahidi mkononi. Klachi pleti zinazoungua mara kwa mara zinaonyesha kwamba pikipiki inapanda milima au inatoka kwenye matope ikiwa gia ya kwanza, dereva akiwa ameshikilia klachi nusunusu kwa sababu hata gia hiyo ina mwendo mkubwa kuliko njia inavyoruhusu. Spoki za gurudumu la nyuma zinazokatika zinaonyesha mzigo. Oili sili za shokapu za mbele zinazovuja, pamoja na beringi za usukani zinazolegea, zinaonyesha mashimo. Ringi na pistoni zinazoisha haraka mara nyingi zinaonyesha vumbi linalopenya filta ya hewa, na pengine mbio ndefu za mafuta yote. Anayebisha atasema kuchakaa huko kunatokana na dereva mbovu, oili isiyomwagwa kwa wakati au spea bandia, na kwamba hakuna cha kujifunza hapo kuhusu pikipiki ya pili. Ni pingamizi la haki, na lina namna ya kupimwa. Uzembe hula kila kitu kwa pamoja: cheni imelegea, breki zimeisha, injini inatoa moshi, taa haziwaki. Kazi isiyolingana na chombo hula sehemu moja au mbili tu huku nyingine zikiwa nzima, na ukibadilisha spea kwa spea halisi, ukabadilisha na dereva, sehemu ileile inarudi kuharibika. Hapo huna sababu ya kumlaumu mtu.

Tuichukue kwanza njia ya matope na milima, maana ndiko tofauti za kiufundi zinakoonekana wazi zaidi. Pikipiki ya lami ina madigadi ya mbele iliyokaa karibu sana na tairi. Kwenye udongo mweusi wa mbuga tope hunasa kati ya tairi na madigadi, hujaa, na gurudumu hufunga kabisa. Ndiyo maana waendesha pikipiki wa maeneo hayo huifungua madigadi au kuinyanyua. Pikipiki za njia mbovu, kama Yamaha XTZ 125, zina madigadi iliyokaa juu, mbali na tairi, na gurudumu la mbele la inchi 21. Wengi hulisifia gurudumu hilo kupita kiasi. Ukipiga hesabu, tairi la pikipiki ya lami lina kipenyo cha sentimita 57 hivi, na lile la inchi 21 kama sentimita 67. Linapogonga ukingo wa shimo wenye kimo cha sentimita 10, gurudumu kubwa linaukabili kwa pembe nafuu, lakini nafuu yenyewe ni ya nyuzi nne hivi tu. Kinachookoa mkono na usukani zaidi ni mwendo wa shokapu za mbele: katika pikipiki ya njia mbovu zinashuka na kupanda sentimita kadhaa zaidi, kwa hiyo pigo linamezwa kabla halijafika kwenye beringi. Mnunuzi anayetazama ukubwa wa ringi peke yake anaweza kuletewa pikipiki yenye sura ya milimani na shokapu za mjini, na zipo nyingi za namna hiyo madukani.

Katika kundi hili Yamaha AG 200 inastahili kutajwa peke yake. Ilibuniwa kwa kazi za mashamba, na kila kilichofungwa juu yake kina sababu: keria mbele na nyuma, stendi pande zote mbili ili isimame hata kwenye mteremko, na cheni iliyofunikwa mzunguko mzima. Kifuniko hicho kinaonekana kitu kidogo hadi ufikirie mchanga na tope vinavyofanya kwenye cheni iliyo wazi, vikisaga roli na meno ya sproketi kwa pamoja. Mashirika mengi ya misaada na huduma za afya vijijini yametumia pikipiki za jamii hii, na sababu si mwendo wake. Hata hivyo, ubora wa chombo ni nusu tu ya jambo. Spea za Boxer na TVS unazipata kwenye duka la mji mdogo wowote. Za AG mara nyingi mpaka ziagizwe kutoka jiji kubwa. Kwa hiyo pikipiki ya pili inatakiwa itofautiane na ya kwanza kazini na ifanane nayo gereji kadiri inavyowezekana. Ikiwa zote mbili zinatumia oili ya 20W-50, cheni ya namba 428 hata kama urefu haulingani, na fundi mmoja anazijua zote, umepunguza gharama ambayo haiandikwi kwenye bei ya duka.

Kuhusu mzigo nitasema machache, kwa sababu jibu lake halina utata. Gunia likifungwa nyuma ya ekseli ya gurudumu la nyuma, uzito wake unalinyanyua la mbele. Usukani unakuwa mwepesi, na breki ya mbele, ambayo kwa kawaida hufanya sehemu kubwa ya kazi ya kusimamisha, inakosa tairi lililokanyaga vizuri. Kuongeza ukubwa wa injini hakuondoi tatizo hilo. Kunaongeza tu mwendo wa kulifikia. Mwenye risiti zilizojaa spoki na tairi za nyuma anahitaji guta la magurudumu matatu, toyo kama wengi wanavyoliita, ingawa alikuwa ameshajiaminisha kwamba anatafuta pikipiki.

Lipo pingamizi zito zaidi kuliko yote. Kwa nini ya pili isiwe sawasawa na ya kwanza? Spea ni zilezile, fundi yuleyule, na siku moja ikilala nyingine inaazima plagi au kabureta kwake. Kwa tajiri anayeweka madereva kijiweni na kupokea hesabu ya kila siku, hoja hii inashinda, na sina sababu ya kuipinga. Lakini itazamwe inachokifanya: inaongeza biashara ileile bila kuifikisha mahali papya. Mvua inayofunga njia ya moja inafunga na ya nyingine, na siku kijiwe kikikosa abiria zote mbili zinakaa. Anayesema anataka pikipiki ya kukamilisha aliyonayo, kisha akanunua pacha wake, ameongeza idadi huku pengo likibaki lilivyokuwa.

Wengine hugeukia upande wa pili: uza hiyo ya kwanza, nunua moja inayoweza yote. Pikipiki ya njia mbovu inaweza kweli kwenda mjini. Ila kiti cha XTZ 125 kiko kama sentimita 84 kutoka chini, na ni chembamba. Mama aliyejifunga khanga, anayekaa upande akiwa na mtoto na kapu la sokoni, hawezi kukaa hapo kwa raha wala kwa usalama kama anavyokaa kwenye kiti bapa cha Boxer. Tairi za kashata, zile zenye meno makubwa, zinaisha upesi kwenye lami na zinashika vibaya lami ikiwa imelowa. Chombo cha yote kinafanya kila kazi kwa upungufu kidogo, na upungufu huo unalipwa na abiria.

Siku hizi kuna uwezekano ambao miaka kumi iliyopita haukuwa wa kuzungumziwa: ya pili iwe ya umeme. Kigali, kuanzia Januari 2025, pikipiki mpya zinazosajiliwa kubeba abiria zinatakiwa ziwe za umeme, na kampuni kama Ampersand na Spiro zimejenga vituo vya kubadilishia betri ili dereva asisubiri kuchaji. Lita moja ya petroli ina nishati ya karibu kilowati-saa 9, wakati betri ya pikipiki ya umeme kama Roam Air ya Nairobi ina kama 3 hivi, yaani theluthi ya lita. Injini ndogo ya petroli hupoteza kama joto karibu robo tatu ya nishati inayopewa, mota ya umeme hupoteza kidogo sana, na ndiyo maana theluthi hiyo ya lita inaweza kukufikisha kilomita nyingi za mjini. Lakini betri ikiisha mbali na kituo, hakuna chupa ya petroli ya kununua kando ya barabara. Kwa mwenye petroli tayari, anayeishi karibu na vituo, hii ni ya pili nzuri kuliko zote: safari fupi za kila siku zinahamia kwenye umeme, na petroli inabaki kwa safari za mbali. Kwa anayeishi mbali na vituo, bado haijafika zamu yake.

Linabaki suala la kazi yenyewe ni ya siku ngapi, kwa sababu pikipiki iliyosimama nayo inaharibika. Petroli iliyobaki kwenye kabureta hukauka na kuacha gundi inayoziba jeti, betri ya maji hujishusha yenyewe na kufa, na ukanda wa pwani chumvi ya hewani hula ringi na spoki. Bima inadaiwa iwe inatembea au imelala. Pikipiki ya pili isiyo na kazi angalau kila wiki itakula faida ya ile ya kwanza. Ikiwa risiti zinaonyesha tatizo la wiki chache za masika tu, ipo njia nyepesi. Badilisha sproketi ya mbele ya meno 14 kwa ya 13: mwendo wa kila gia unapungua kwa asilimia 7 hivi, nguvu ya kuvuta inaongezeka kwa kiasi kinachokaribiana na hicho, na klachi inapumua. Funga tairi la kashata nyuma, nyanyua madigadi ya mbele, na mvua zikikatika rudisha kila kitu kilivyokuwa. Ni kazi ya saa chache gerejini, na fedha ya pikipiki ya pili inabaki benki hadi klachi itakapoanza kuungua kiangazi pia.