Bisibisi namba 3 iko wapi? Yaliyotukuta na pikipiki ya mjomba

Leo siandiki siasa wala mpira, naandika bisibisi. Najua kuna mtu ameshacheka hapo, lakini soma mpaka mwisho, maana hii kitu ilitugharimu maziwa ya siku nne pale nyumbani, na mjomba hakunisemesha vizuri wiki nzima.

Iko hivi. Mjomba wangu hapa Bagara ana pikipiki ya zamani ya Kijapani, zile walizokuwa wanapanda mabwana mifugo enzi hizo. Kila asubuhi anapita kwa wafugaji anakusanya maziwa, anafunga madumu nyuma, anashuka nayo Babati mjini kwenye migahawa. Siku pikipiki ikilala, maziwa yanachacha na wafugaji wanatafuta mtu mwingine wa kumpa. Ndo maisha yetu yanavyoenda.

Basi klachi ikaanza kuteleza. Fundi wetu alikuwa amesafiri. Mimi nimemaliza fomu foo, niko nyumbani tu, nikajitia ujuaji: "Mjomba, hiyo si ni kufungua kava, tunabadilisha pleti, tunafunga?" Mjomba akanitazama, akasema, "Haya mwanangu, ila usiniharibie."

Kava ya klachi ya ile pikipiki imeshikwa na skrubu za nyota. Nikachukua bisibisi ya nyota ya pale nyumbani, ile ambayo karibu kila nyumba inayo. Ikaingia. Inacheza kidogo, lakini imeingia. Nikazungusha kwa nguvu zote... krrr! Imeruka nje. Nikarudia kwa hasira. Krrr! Kufika skrubu ya tatu, zile nyota zilikuwa zimeshalika, zimebaki vishimo vya duara tu.

Nikaingia mjini kutafuta "bisibisi ya nyota kubwa". Duka la kwanza jamaa akanipa ndefu kama mkono wangu. Ncha ileile! Duka la pili vilevile, mpini mnene, chuma kirefu, ncha ya kawaida. Duka la tatu muuzaji akaniuliza, "Unataka namba ngapi?" Nikabaki mdomo wazi. Sikujua kama bisibisi ina namba.

SPANA INA NAMBA, NA BISIBISI INA NAMBA

Hapa ndo penye somo lenyewe wadau. Hakuna mtu anaenda dukani kuomba "spana kubwa". Unasema spana namba 10, namba 13, mwisho wa maneno. Ila bisibisi tunanunua kwa macho: kubwa, ndogo, ndefu, fupi. Kumbe ukubwa unaohusika ni wa ncha, na ncha ina namba yake.

Chukua bisibisi yako ya nyota sasa hivi uitazame kwenye chuma au kwenye mpini. Mara nyingi utaona maandishi kama PH2 x 100. Ile PH ni aina ya nyota, 2 ni namba ya ncha, 100 ni urefu wa chuma kwa milimita. Kwa hiyo PH2 x 100 na PH2 x 200 zinafungua skrubu zilezile, tofauti ni urefu tu. Ndo nilivyouziwa mimi urefu wakati nilitaka ncha.

Namba zenyewe ni hizi, kwa kukadiria na unene wa mwili wa skrubu:

PH000 na PH00: skrubu ndogo kabisa za simu, kamera na ndani ya laptop.
PH0: skrubu za kama milimita 2.
PH1: milimita 2.5 hadi 3. Redio, rimoti, midoli.
PH2: milimita 3.5 hadi 5. Hii ndo ya kila nyumba, imejaa kila hadiwea.
PH3: milimita 6. Hapa ndo msala unapoanzia.

Skrubu za kava ya mjomba zilikuwa za milimita 6. Mimi nimezivamia na namba 2. Namba 2 ndani ya tundu la namba 3 inagusa katikati tu, haijazi zile pembe. Na ile nyota ya kawaida kuta zake zina mteremko, kwa hiyo ukikaza nguvu bisibisi inajisukuma yenyewe kutoka nje, na kila ikitoka inang'oa chuma kidogo. Ukirudia mara tatu umemaliza.

Mbona namba 3 ni adimu? Sababu si ngumu. Hadiwea zetu nyingi zinaishi kwa ujenzi: bati, misumari, bawaba, vitasa, soketi za umeme. Huko kote namba 2 inatosha. Mwenye duka hawezi kuweka pesa yake kwenye kitu kinachoulizwa mara mbili kwa mwaka. Usimlaumu, ni biashara.

NYOTA SI MOJA

Nilifikiri nimeelewa, kumbe bado. Kuna nyota zinafanana kwa macho lakini haziivani.

Nyota ya kawaida inaitwa Phillips, kwa jina la Mmarekani Henry Phillips wa Portland, Oregon. Ilianza kuvuma miaka ya 1930, na General Motors waliitumia kwenye magari ya Cadillac mwaka 1936. Ndo hiyo yenye herufi PH.

Ya pili ni nyota ya Kijapani, JIS. Kwa haraka huwezi kuitofautisha. Ila tundu lake limekatwa wima zaidi na halina kina kama la Phillips, kwa hiyo ncha ya PH inagota chini kabla mabawa yake hayajakaa vizuri. Skrubu nyingi za namna hii zina kinukta kidogo kimegongwa pembeni ya nyota. Ukikiona kinukta kwenye pikipiki ya Kijapani ya zamani, shika adabu. Mafundi wanachofanya wakikosa bisibisi yake ni kusaga kidogo sana ile ncha ya mbele ya PH, izame zaidi. Kwa mjomba mimi nilikosea mara mbili: namba si yake, na nyota si yake.

Ya tatu ni Pozidriv, herufi PZ. Hii utaijua kwa vimistari vinne vyembamba katikati ya mikono ya msalaba. Ipo sana kwenye skrubu za mbao na bawaba. PH2 ndani ya PZ2 inaingia, lakini ukikaza inateleza.

Halafu kuna ile ya kona sita, Torx, ya Marekani tangu 1967. Namba zake zinaanza na T: T6, T8, T10, T15 na kuendelea. Faida yake haisukumi bisibisi nje kama Phillips. Wenye Nokia 3310 au 1100 walikuwa wanatembea nayo mfukoni bila kujua, zile zilifunguliwa kwa T6. Ukiona Torx ina kipini katikati, unahitaji bisibisi yenye tundu kwenye ncha.

Ya mwisho ni ya watu wasiotaka ufungue kabisa. Apple walianza kuweka kwenye iPhone 4 skrubu ya kona tano wakati ambapo bisibisi zake zilikuwa hazipatikani madukani. Hiyo ilikuwa kati ya 2010 na 2011. Kwenye iPhone 7 ya 2016 wakaongeza nyingine ndani, ya mikono mitatu kama herufi Y. Baadaye Wachina wakatengeneza bisibisi zake na fundi simu wa kijiweni anazo. Hata wakubwa wameliona hili: Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya betri mwaka 2023, kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa kama simu ziweze kutolewa na mwenye simu mwenyewe, kwa vifaa vinavyouzwa madukani. Kwa hiyo tatizo la bisibisi adimu si letu wa Babati peke yetu.

Angalizo: mita ya LUKU usiiguse hata kama bisibisi unayo. Ile ina lakiri ya TANESCO. Ukiikata hiyo si ufundi tena, ni kesi.

UTAIPATA WAPI

Baada ya kuzunguka mjini juani, nimejifunza kwamba bisibisi adimu haikai kwenye duka unalolifikiria. Inakaa kwa mtu anayeitumia.

Ndogo kabisa (PH00, T6, kona tano): usiende hadiwea, nenda kwa fundi simu. Muulize alinunua wapi seti yake, au muombe akuagizie pamoja na spea zake.

Bapa nyembamba: mafundi saa, na mafundi miwani kama wapo.

Bapa fupi nene: fundi cherehani. Wale wanajua skrubu ngumu kuliko unavyodhani.

Namba 3 na za Kijapani: maduka ya spea za pikipiki na magari, na mafundi wa zamani. Pia wauza vifaa vya mtumba kwenye minada. Bisibisi kuukuu yenye chuma kigumu ni bora kuliko mpya inayopinda.

Torx T20 kwenda juu: maduka ya vifaa vya gereji.

Ikikosekana Babati kabisa, kuna Arusha, na mwisho wa yote Kariakoo. Si lazima usafiri. Piga simu, mtumie mwenye duka picha, lipa kwa simu, mzigo unakuja na basi. Ila kwanza hakikisha namba, maana kurudisha mzigo wa Dar kwa sababu ya kosa la herufi moja inauma.

NAMNA YA KUULIZA DUKANI

Kwanza, nenda na skrubu yenyewe. Kama kuna nne, toa ile inayotoka kwa urahisi. Kama hazitoki kabisa, weka karatasi juu ya kichwa cha skrubu, sugua na penseli, umbo lake litajichora. Picha ya simu ni nzuri, ila weka rula pembeni uonyeshe ukubwa.

Pili, taja umbo halafu namba. "Naomba PH3" inafika haraka kuliko "naomba nyota kubwa". Asipoelewa herufi, muonyeshe karatasi yako.

Tatu, jaribu palepale. Ingiza ncha kwenye skrubu, shika bisibisi, achia skrubu. Ikikaa yenyewe bila kucheza, ndo yake. Ikicheza, rudisha, hata kama muuzaji anasema "itaingia tu hiyo".

Nne, tazama chuma. Ncha yenye kona kali na safi ni dalili nzuri. Maandishi Cr-V au S2 yanataja aina ya chuma kigumu, lakini maandishi kila mtu anaweza kuyagonga, kwa hiyo yasikulevye.

Kama fedha inabana, usinunue bisibisi nzima. Nunua mpini mmoja wa kubadilisha ncha, halafu ncha unazohitaji mojamoja.

KAMA UMESHAHARIBU KAMA MIMI

Acha kuzungusha. Hilo ndo la kwanza. Kila mzunguko wa hasira unapunguza nafasi yako. Weka mafuta ya kulainisha kutu, acha yalale usiku kucha. Asubuhi gonga kichwa cha skrubu kwa nyundo kidogo ili kutu iachie, ndipo ujaribu na namba sahihi huku umekandamiza kwa uzito wa mwili. Kipande cha mpira wa tyubu katikati ya ncha na skrubu kinasaidia ikiwa imelika kidogo. Ikishindikana, kata mfereji kwa msumeno wa chuma utumie bapa.

Kwetu haikufika huko. Siku ya nne fundi akarudi. Mzee yule hakunigombeza, akatazama zile skrubu, akatazama bisibisi yangu, akasema tu, "Kijana, hii ni ya kufungulia redio." Akatoa kwenye boksi lake bisibisi ya kugonga, ile nzito ambayo ukiipiga na nyundo juu inazunguka yenyewe huku imekandamiza skrubu. Akaweka ncha namba 3. Tap, tap, skrubu nzima zikaachia moja baada ya nyingine. Zile tatu zangu akazitoa kwa tindo, taratibu, akigonga kichwa kwa pembeni.

Halafu mjomba akafanya uamuzi ambao sikuutegemea. Skrubu za nyota hakutaka kuziona tena. Akanituma dukani nilete boliti za milimita 6 zinazofunguliwa kwa ule ufunguo wa herufi L, namba 5, ambao unapatikana kirahisi hapa mjini. Urefu uleule, meno yaleyale. Kava sasa inafunguliwa bila kelele.

Maziwa yamerudi barabarani, ila wafugaji wawili walishahamia kwa mtu mwingine na mpaka leo hawajarudi. Hiyo ndo bei ya kutojua namba. Bisibisi ningeweza kuiazima bure.

Mwenye kujua duka la hapa Babati lenye namba 3 ya uhakika atuandikie hapo chini, awasaidie na wengine. Naomba kuwasilisha.