Snapshoti za Mashine Pepe na Utunzaji Wake kwa Skripti

1.0 Utangulizi

Makala haya yanaeleza namna snapshoti za mashine pepe zinavyoweza kutunzwa kwa skripti, yaani faili la maandishi lenye amri ambazo kompyuta huzitekeleza moja baada ya nyingine pasipo mtu kukaa mbele yake. Programu iliyoteuliwa kuwa mfano ni VirtualBox, ambayo ilitolewa mwaka 2007 na kampuni ya Innotek ya Ujerumani na tangu 2010 imo mikononi mwa Oracle. Sehemu yake ya msingi hutolewa bure, na hiyo ni sababu mojawapo ya kuonekana kwake katika kompyuta nyingi za wanafunzi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba ugumu wa kazi hii hauko katika kuchukua snapshoti bali katika kuziondoa, na kwamba sehemu ya ugumu huo ni suala la lugha.

Mashine pepe ni kompyuta iliyoumbwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi. Ina diski yake, kumbukumbu yake na mfumo wake wa uendeshaji. Lakini diski hiyo kwa hakika ni faili moja kubwa lililomo katika diski ya kompyuta mwenyeji. Wazo lenyewe si geni. Kampuni ya IBM ilitangaza mfumo wake wa VM/370 mwaka 1972.

2.0 Tatizo la Jina

Mfasiri anayekutana na dhana ya snapshoti kwa mara ya kwanza huvutwa na maneno mawili: picha na nakala. Yote mawili yanapotosha. Picha humfanya msomaji adhani kwamba kuna kitu kidogo kilichowekwa kando, ambacho kikifutwa hakuna kinachobadilika. Nakala ni mbaya zaidi, maana humwahidi usalama ambao haupo. Ndiyo maana makala haya yanatumia neno la mkopo, ambalo angalau halidai maana lisiyokuwa nayo.

Kinachotokea hasa kinafanana na daftari la madeni la mwenye duka. Siku moja anaamua kwamba daftari lake kuu lisiandikwe tena, na kuanzia hapo kila badiliko linaingizwa katika kijidaftari kipya. Akitaka kujua deni la mteja, hutazama kijidaftari kwanza. Asipomwona humo, hurudi kwenye daftari kuu. Snapshoti ni ule uamuzi wa kulifunga daftari. VirtualBox huligandisha faili la diski lililokuwapo na kufungua faili jingine la tofauti, ambalo hupokea maandishi yote mapya. Snapshoti ya pili hufunga kijidaftari cha kwanza na kufungua cha pili, na mnyororo unaendelea hivyo.

Kutokana na maelezo haya mambo mawili yanadhihirika. Kwanza, daftari kuu likiungua, vijidaftari havina thamani, kwa kuwa vimebeba mabadiliko tu. Pili, vitenzi viwili vya kazi hii vina athari iliyo kinyume cha matarajio ya wengi. Kufuta snapshoti hakupotezi kazi: ni kuyaunganisha yaliyotengwa, na mashine huendelea kama ilivyo. Kurejesha, neno linalosikika kuwa la huruma, ndiko kunakochana kijidaftari cha sasa. Mtumiaji anayeogopa kufuta na kuthubutu kurejesha atapoteza kazi yote aliyoifanya baada ya snapshoti ile, isipokuwa kama kwanza alichukua nyingine ya hali ya sasa.

3.0 Amri na Ratiba

Chukuliwe mfano wa idara inayohifadhi data za kamusi katika mashine pepe iitwayo Kamusi. Snapshoti ya usiku huchukuliwa kwa amri ifuatayo:

VBoxManage snapshot Kamusi take usiku-2025-03-10 --live

Neno take likibadilishwa kuwa list, orodha ya snapshoti huonyeshwa; likiwa delete, snapshoti iliyotajwa hufutwa; likiwa restore, hurejeshwa. Tarehe inaanza na mwaka kwa sababu majina ya namna hiyo yakipangwa kialfabeti hujipanga pia kwa wakati, na skripti huitambua snapshoti kongwe bila hesabu yoyote.

Katika mfumo wa Linux kazi ya kuiamsha skripti hupewa programu ya cron. Ratiba huandikwa kwa kutanguliza dakika na kufuatisha saa, kwa hiyo 0 2 maana yake ni saa mbili kamili kuanzia usiku wa manane, yaani saa nane usiku kwa hesabu ya Waswahili. Jambo hili linaweza kuonekana dogo. Lakini anayefikiri kwa Kiswahili na kuandika 8 akikusudia saa nane ataiona skripti yake ikifanya kazi saa mbili asubuhi, wakati ambapo watu ndio kwanza wanaketi mezani.

Kuna mtego mwingine wa cron. VirtualBox husajili mashine kwa kila mtumiaji peke yake. Skripti ikiwekwa katika ratiba ya msimamizi mkuu wa mfumo, itajibiwa kwamba mashine ya jina hilo haipo, ingawa mwenye mashine anaiona kila siku. Aidha, cron hutafuta amri katika sehemu chache tu, hivyo ni bora kuandika njia kamili, kwa mfano /usr/bin/VBoxManage.

4.0 Uondoaji

Skripti inayochukua snapshoti kila usiku bila kuondoa ni bomu linalosubiri. Kila faili la tofauti linaweza kukua hadi kufikia ukubwa wa diski nzima ya mashine pepe. Diski ya mwenyeji ikijaa, VirtualBox huisimamisha mashine ikiwa katikati ya kazi. Hapo ndipo mtumiaji hukimbilia kufuta, na hugundua kwamba kuunganisha faili nako kunahitaji nafasi ya ziada kwa muda, nafasi ambayo sasa hana. Kwa hiyo skripti ipime kwanza nafasi iliyobaki kwa amri ya df, na isipotosha, iache kazi na kuandika sababu katika faili la kumbukumbu.

Baada ya hapo mfuatano una uzito. Kila amri ikimalizika hurudisha tarakimu, na sifuri humaanisha kwamba imefaulu. Skripti isifute ya zamani kabla ya kupata sifuri kwa ile mpya. Hali kadhalika, ifute zile tu ambazo jina lake linaanza na usiku-, maana snapshoti iliyochukuliwa na mtu kwa mkono wake kabla ya kubadilisha jambo zito si mali ya skripti. Kwa kuwa majina yanaweza kujirudia, ni salama zaidi kufuta kwa kutumia kitambulisho cha kipekee kinachoonyeshwa na list pamoja na --machinereadable. Kubakiza tatu za mwisho kunatosha kwa idara nyingi.

Pengine skripti itakataliwa. Mtu akirejesha snapshoti ya zamani kisha akachukua mpya, mnyororo unakuwa mti wenye matawi, na VirtualBox haikubali kufuta snapshoti yenye watoto zaidi ya mmoja. Skripti isilazimishe, iandike kosa hilo na kumwachia binadamu uamuzi.

Bado daftari kuu linaweza kuungua. Kinga yake ni nakala kamili, ambayo hutengenezwa kwa amri ya VBoxManage clonevm na kuhamishiwa katika diski nyingine, ikiwezekana katika jengo jingine. Nakala hiyo ifunguliwe walau mara moja kwa mwezi, data za kamusi zisomwe humo, kisha ile iliyofunguliwa kwa majaribio iondolewe kwa unregistervm pamoja na --delete, baada ya kulisoma jina la mashine mara mbili.